Bi Koki Anajibu: Kwanza Niambie Maji Yako

Minada ya korosho ikishamalizika na watu wakalipwa, duka langu la koki na mabomba hubadilika sura. Miezi mingine ni washa za mpira, thredi tepu na elbo moja moja. Sasa kila anayeingia ana picha kwenye simu, bafu la kwenye tamthilia, anasema, "Bi Koki, nataka kama hii." Barua zenu nazo zimefuata mkondo huohuo, karibu zote ni za bafuni. Nimechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Mnaouliza kampuni ipi ni bora, someni kuanzia barua ya kwanza hadi ya mwisho kabla ya kukasirika kwamba sikuwajibu.

Shikamoo Bi Koki. Tumejenga Shangani, bahari iko jirani. Maji ya bafuni yanatoka kwenye kisima chetu, yana chumvi kidogo, ya kunywa tunayatafuta kwingine. Koki tulizofunga ziling'aa sana, lakini kabla ya mwaka kwisha zimetoka vipele, rangi inabanduka, na ile ya kujazia ndoo imekatika shingo fundi alipotaka kuifungua, kipande kimebaki ukutani. Mume wangu anasema fundi alikaza mno. Safari hii ninunue za aina gani? (Mama watoto, Shangani, Mtwara)

Marahaba mwanangu. Fundi mwondoleeni lawama kwanza, halafu chukua kile kichwa cha koki kilichobaki mkononi ukitazame pale kilipovunjika. Naamini utakuta ni kijivu, kina chembechembe kama biskuti iliyovunjwa. Hiyo si shaba, ni aloi ya zinki. Viwanda vinaipenda kwa sababu inayeyuka kwa joto dogo, chini ya nyuzi 400, wakati shaba ya njano inataka kama 900. Kwa hiyo ni rahisi kuimimina kwenye kalibu na kuipa umbo lolote la kupendeza. Ukishaipaka kromu juu, wewe na mimi tukisimama hatua tatu mbali hatuwezi kuitofautisha na ya shaba.

Tofauti inaletwa na chumvi. Kromu ya koki ni ngozi nyembamba mno, na chini yake huwa na nikeli, nyembamba vilevile. Chumvi ikipata tundu dogo tu la kupenya, inaanza kuila zinki kwa ndani, zinki inavimba, ngozi inanyanyuka. Hivyo ndivyo vipele vyako. Na usidhani inaliwa upande unaouona peke yake. Yale meno yaliyozama ukutani yanaliwa pia, taratibu, hadi siku mtu anaishika na spana na shingo inabaki ndani. Fundi angekaza kidogo au sana, ingekatika tu.

Sasa ukija dukani, langu au la mwingine, fanya hivi. Ipime koki kwa mkono: ya shaba ni nzito kuliko umbo lake linavyokudanganya. Kisha igeuze uchungulie upande wa kuingizia maji, kule kwenye meno. Shaba ya njano, ile mafundi wanaiita brasi, itajionyesha kwa rangi yake. Ukiona kijivu, muulize muuzaji. Zipo zilizopakwa kromu hadi kwenye meno, hapo omba ruhusa ukwaruze kidogo kwa ncha ya ufunguo, sehemu ambayo haitaonekana. Mimi wateja wangu nawaruhusu. Muuzaji anayekataa kabisa naye amekujibu. Kuna wanaokuja na sumaku, wameona mtandaoni. Sumaku hainasi shaba, hainasi zinki, na kwa kawaida hainasi hata chuma cha pua kizuri. Itakukamatia chuma cha kawaida tu, na sijaona mtu anayetengeneza mwili wa koki kwa hicho.

Shaba nayo si ya milele, hasa kwa maji yako. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huweza kuinyonya ile zinki ikatoka polepole. Utaona unga mweupe kwenye maungio, na ukikwangua unakuta wekundu na vitundu. Lakini hilo ni jambo la miaka, si la miezi. Ukibahatika kupata koki yenye herufi DZR au CR kwenye mwili wake, hiyo imetengenezwa kwa shaba iliyokusudiwa kuhimili unyonywaji huo. Huku kwetu hazionekani sana.

Chuma cha pua nacho kinauzwa, kimegongwa "304". Kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ni kizuri mno. Karibu na bahari hupata madoa ya kahawia na vitundu vidogo. Kinachovumilia chumvi zaidi ni 316, kwa sababu kimeongezwa molibdeni, ila bei yake nikikutajia utarudi kwenye ndoo na kata. Halafu kugonga namba si kazi, hata mimi nikipata nyundo na chapa naweza kugonga 316 kwenye sufuria.

Na sasa nitasema jambo ambalo wenye nyumba nzuri hawapendi kulisikia: kwa kisima cha chumvi, koki ya plastiki nzito si aibu. Chumvi haiifanyi kitu. Adui yake ni jua, linaikausha na kuifanya ipasuke, na bafuni kwako hakuna jua. Nazungumzia ile ya plastiki inayojionyesha kuwa plastiki, nyeupe au ya kijivu, ukuta wake mnene. Ile ya plastiki iliyopakwa kromu ili ifanane na chuma iache hapohapo rafuni. Utaitambua kwa wepesi, na ukiishika haina ule ubaridi wa chuma.

Ushauri wangu kwako hasa ni huu. Kama bomba la mamlaka ya maji linafika kwako, gawa mabomba: maji ya mamlaka yaende kwenye beseni na shawa, ya kisima yabaki ya choo na kufanyia usafi. Hapo unaweza kuweka koki nzuri za shaba mahali panapoonekana, na plastiki kule kwingine. Ila msiyaunganishe mabomba hayo mawili popote, hata kwa geti valvu katikati. Siku presha ya mtaani ikishuka, maji ya kisima chako yanaweza kuvutwa yakaingia kwenye bomba la umma. Kama mnataka kuyatumia yote kwenye tenki moja, maji ya mamlaka yaingie kwa juu, yadondoke hewani kabla ya kugusa yaliyomo.

Kile kipande kilichobaki ukutani msikichimbe kwa tindo, mtapasua soketi na marumaru. Fundi akate mikato miwili kwa ndani kwa msumeno mwembamba wa chuma, akifinye kwa bisibisi kielekee katikati, kitatoka vipandevipande. Na upepo wa kusi ukianza, futa koki kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi ya hewani inakaa juu ya kromu hata kwenye koki ambayo haijafunguliwa.

Habari za kazi, Bi Koki. Mimi ni mwalimu hapa Newala. Maji hayatoki kila siku, kwa hiyo nimeweka simtenki la lita 1,000 kwenye mnara wa matofali nje ya nyumba. Bafuni nimefunga koki ya kisasa ya mkono mmoja pamoja na shawa pana ya duara. Tenki likijaa shawa inachuruzika, likifika nusu haitoi kabisa. Nimeshabadilisha shawa, hali ni ileile. Nitafute yenye nguvu zaidi? (Mwalimu, Newala)

Mwalimu, nzuri. Usinunue shawa nyingine. Shawa haina nguvu yake yenyewe, inagawa ile iliyoletewa na tenki, na tenki lako linaleta kidogo sana.

Hukunitajia urefu wa mnara, lakini dalili zako zimenitajia. Chukulia kitako cha tenki kiko mita 2 kutoka chini, na tenki la lita 1,000 likijaa maji yake hufika kama mita 1.2 juu ya kitako. Uso wa maji uko mita 3.2. Shawa yako iko mita 2.1. Kinachosukuma maji ni tofauti ya hizo mbili, mita 1.1. Tenki likifika nusu inabaki mita 0.5. Ondoa kinachopotelea kwenye elbo na mabomba membamba, umebaki na ulichonisimulia. Sasa tafuta karatasi iliyokuja ndani ya boksi la ile koki ya mkono mmoja. Nyingi huandikwa presha ya chini kabisa, mara nyingi nusu ya bar au bar moja. Bar moja ni maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10. Nusu yake ni mita 5. Wewe una moja. Koki hizo zilibuniwa kwa miji ambayo maji yanasukumwa kwa nguvu mchana na usiku, hazikumfikiria mtu wa juu ya uwanda wa Makonde ambaye maji yake yamepandishwa kwa pampu kutoka bondeni na bado anayasubiri kwa zamu.

Dawa ya kwanza ni kuinua tenki, lakini usimwambie fundi aongeze matofali tu juu ya yale. Lita 1,000 ni tani nzima, na mnara uliojengwa kubeba kwa mita 2 si lazima ubebe kwa mita 4. Tafuta mtu anayejua nondo na msingi.

Dawa ya pili ni nafuu na watu wanaidharau. Bomba linaloshuka kutoka tenki hadi bafuni lisiwe la nusu inchi. Lile la plastiki la PPR linaloitwa nusu inchi ni milimita 20 kwa nje, ndani inabaki kama 13 au 14 hivi. Weka ya inchi moja hadi mlangoni pa bafu, halafu robo tatu, na ile nusu inchi ibaki ya mwisho kabisa kwenye koki. Punguza kona. Kwenye beseni, angalia zile fleksibo mbili nyembamba zinazopanda hadi kwenye koki ya mkono mmoja: ncha yake inayoingia kwenye koki ina tundu dogo la kushangaza. Maji yenye nguvu hayajali, yako yanajali.

Halafu kuna hili, nalo naliona kila wiki. Je, una maji ya moto yaliyofika kwenye koki hiyo? Naona watu wananunua koki ya moto na baridi kwa sababu inapendeza, wanaunganisha upande wa baridi, wa moto wanauziba. Mkono ukiwa katikati, nusu ya njia imefungwa. Mgeni hajui kwamba asukume hadi kulia. Kama huna maji ya moto, nunua koki ya baridi peke yake, ya robo mzunguko, yenye njia pana, bei yake pia iko chini. Kama umeshanunua na roho inauma, fundi aweke tii ili maji ya baridi yaingie pande zote mbili.

Shawa pana ya duara mpe shemeji anayeishi kwenye presha. Wewe chukua ndogo yenye matundu machache, na uishushe kidogo. Kuna ubaya gani shawa ikiwa mita 1.9? Isipokuwa kama nyumbani kwako kuna mrefu kuliko mlango, hiyo inatosha, na umejipatia sentimita 20 za msukumo bila kugusa mnara.

Bi Koki shikamoo. Mimi ni fundi bomba, bado kijana, nafanyia kazi Mikindani. Nimemfungia mteja koki mpya za robo mzunguko, za shaba kweli, nilizikagua. Hazijamaliza mwezi zinadondosha. Nimekaza hadi mkono unauma. Mteja amekataa kunimalizia pesa yangu, anasema nimemletea feki. (Fundi, Mikindani)

Marahaba mdogo wangu. Acha kukaza, utavunja. Koki ya zamani yenye washa ya mpira ilikuwa inaziba kwa kugandamiza, ukikaza zaidi inaziba zaidi. Hii ya robo mzunguko ndani ina vigae viwili vya kauri vilivyosuguliwa hadi vikawa laini mno, kimoja kinateleza juu ya kingine. Matundu yakipishana maji yanakatika. Hakuna cha kukaza hapo. Chembe moja ya mchanga ikikaa katikati, vigae haviwezi kulala pamoja, na kila mara mtu anapofungua na kufunga, chembe inachora mstari.

Mchanga umetoka wapi? Maji yakikatika mtaani halafu yakarudi, yanarudi na kila kitu kilichokuwa kimelala kwenye mabomba. Na mwingine, usinichukie, huletwa na sisi wenyewe: makapi ya PPR, punje za saruji, vipande vya tepu. Je, kabla ya kufunga koki ulifungua maji yakatoka kwa nguvu kwenye ndoo mpaka yakawa meupe? Wengi hawafanyi, kwa sababu ukuta umeshapakwa rangi na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Nenda hivi. Funga geti valvu. Bandua kile kifuniko kidogo cha juu ya mkono wa koki, fungua skrubu, vuta mkono, kisha fungua katriji, kile kifaa cha ndani kinachobeba vigae, kwa spana inayokaa sawasawa, siyo paipu renchi. Igeuze: utaviona vigae chini, na kipete cha mpira. Vioshe kwenye bakuli la maji safi, uvipitishie kidole. Kama ni laini, rudisha, imekwisha. Kama ukucha unakwama kwenye mchoro, nunua katriji mpya, lakini njoo na ya zamani mkononi. Zinafanana kwa mbali, ila hutofautiana urefu na meno ya kushikia mkono wa koki. Kabla ya kurudisha chochote, fungua valvu kidogo maji yasukume uchafu nje. Na mwishoni weka chujio dogo baada ya mita ya maji au chini ya tenki, lile lenye umbo la Y, umfundishe mteja kulifungua na kulisafisha.

Mteja mwonyeshe kigae chenyewe, apitishe ukucha wake. Hapo mzungumze pesa.

Kwa wengine wanaosoma: koki ya uani, inayopokea maji ya mgao moja kwa moja, mimi mpaka leo nauza na kupendekeza ile ya washa ya mpira. Inameza mchanga, ikichoka washa ni hela ndogo sana, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuibadilisha. Usasa ubaki ndani, nyuma ya chujio.

Shangazi, mama yangu anaishi Lindi, mtaa wa Mikumbi. Vidole vimekakamaa, koki za kuzungusha hawezi tena, inabidi mjukuu amfungulie maji ya udhu alfajiri. Nataka kumtengenezea bafu kabla ya Ramadhani. Nimwekee zile za kufunguka zenyewe ukiweka mkono? (Mtoto wa mwisho, Dar es Salaam)

Hapana mwanangu, hizo zinataka betri au umeme, na ni nani atakayekuja kubadilisha betri saa kumi na moja alfajiri? Mwekee ya robo mzunguko yenye mkono mrefu wa bapa, zile unazoziona hospitalini ambazo daktari anafungua kwa kiwiko. Atasukuma kwa nyuma ya kiganja, hakuna kufinya wala kuzungusha.

Mahali pa koki ni muhimu kuliko koki. Ya udhu iwe chini, na pembeni yake kibaraza cha kukalia kilichojengwa kwa saruji, kisiteleze. Mkalishe mama kwenye kigoda kwanza, anyooshe mikono na miguu anavyotawadha, ndipo fundi apige alama ukutani. Msipime kwa fundi, fundi ana magoti mazima. Ile ya kujazia ndoo iwe juu kiasi cha ndoo ya lita 20 kuingia chini yake bila kuinamishwa, na ndoo hiyo ina kimo cha sentimita 40 hivi. Sentimita 60 kutoka sakafuni inamtosha. Hata hivyo asiinue ndoo iliyojaa, mwekee bomba fupi la mpira.

Shatafu ya chooni ni msaada mkubwa kwake, ila weka na ango valvu yake ya kufungia, na mjukuu aizoee: baada ya kutumia, funga valvu, usiache mpira umejaa presha usiku kucha. Mipira hiyo hupasuka, na hupasuka watu wakiwa wamelala.

Na tafadhali, funga bomba la kushikilia karibu na choo na kibaraza, limekazwa kwenye ukuta wenyewe kwa nati ndefu. Mzee akiteleza hushika kilicho karibu. Kikiwa karibu ni koki, koki itang'oka naye ataanguka, kisha nyumba ijae maji.

Bi Koki, kwetu Masasi mwezi wa Juni na Julai asubuhi kuna baridi. Nataka shawa ya umeme, ile ya kufunga juu. Fundi anasema anaunganisha na waya uliopo wa taa. Ni sawa? (Baba wa familia)

Si sawa hata kidogo, na kama ameshaanza msimamishe. Shawa ya wati 5,500 kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Waya wa taa utaungua ndani ya ukuta. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali, breka yake, waya wa athi uliofika ardhini kweli, na ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hii ya mwisho ndiyo wanayoiruka watu, na ndiyo inayookoa roho. Fundi bomba afunge maji, umeme aje fundi umeme mwenye leseni.

Soma pia presha ya chini iliyoandikwa kwenye boksi, maana maji yakiwa madogo mno kifaa hakiwaki. Na wanaotumia visima vya chumvi huku pwani wasikilize: katika shawa nyingi za namna hii waya wa moto umelala ndani ya maji yenyewe, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko yasiyo na chumvi. Kama kifaa hakikuandikwa kwamba kinafaa maji ya chumvi, chemsha kwa sufuria.

Kwako Bi Koki. Nina gesti ndogo Kilwa Masoko. Maji yanaacha ukoko mweupe kwenye koki na shawa, wafanyakazi wanasugua kwa Jik na steelwire, sasa koki zimefifia. Nataka kubadilisha vyumba vyote mwaka huu. Nifanyeje zisiharibike tena, na ninunue kampuni gani? (Mwenye gesti)

Kaka yangu, Jik inaua wadudu, ukoko haiugusi. Ukoko huo ni chokaa iliyokuwa kwenye maji, na chokaa inayeyushwa na uchachu. Lowesha kitambaa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kizungushie kwenye koki, kiache robo saa au nusu saa, futa, suuza kwa maji mengi. Ndimu inafanya kazi hiyohiyo. Usikiache kitambaa usiku kucha, uchachu nao unaila kromu. Shawa ifungue uizamishe kwenye bakuli la siki, halafu sugua matundu kwa mswaki wa zamani. Steelwire itoe kabisa kwenye kapu la usafi, ndiyo iliyokufifishia koki.

Na waambie wafanyakazi leo, si kesho: siki na Jik visikutane, hata kwenye ndoo moja iliyosuuzwa haraka. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu la gesti halina dirisha la kutosha.

Kuhusu kampuni. Jina lililo kwenye boksi linaigwa, na siwezi kukuapia kwamba boksi la leo na la mwaka kesho yametoka mahali pamoja. Naangalia nilivyomwambia mama wa Shangani: rangi ya meno, uzito, na alama ya TBS, Shirika la Viwango, kwenye bidhaa. Baada ya hapo naangalia kama katriji yake inapatikana ukiwa Kilwa, Lindi au Mtwara. Koki za mkono mmoja nyingi hutumia katriji ya milimita 35 au 40, hizo utazipata. Ukiona koki ya umbo la ajabu ambayo muuzaji hana katriji yake wala hajui ni ya ukubwa gani, usiinunue hata kama ni ya dhahabu.

Kwa gesti, vyumba vyote viwe na koki ya aina moja, na kila chumba kiwe na valvu yake ya kufungia, ili chumba namba tatu kikiharibika wageni wa namba nne wasikose maji. Na siku ya kununua, chukua koki mbili zaidi na katriji kadhaa uziweke stoo, kwa sababu mzigo ukija tena kutoka Kariakoo huenda boksi ni lilelile na kilichomo ndani ni kingine.